Ramani ya Mwanza ya kabla ya uhuru imekubali kukaa

Hatimaye ramani ya mji wa Mwanza iliyochorwa kabla ya uhuru, ambayo imenisumbua tangu muhula uanze, imekaa sawasawa juu ya picha ya setilaiti.

Tatizo lilikuwa ufuo wa Ziwa Victoria. Barabara za katikati ya mji zilikubali, na reli iliyofika hapa mwaka 1928 ilikubali, lakini ufuo ulikataa. Nilipoulazimisha, stesheni nayo ikahama. QGIS, programu ya kompyuta ya kushughulikia ramani, ina njia za kuivuta ramani kama mpira hadi kila nukta iangukie mahali pake, na wenzangu wengi huzisifu. Mimi sizipendi hata kidogo, kwa sababu zinaificha hitilafu badala ya kuionyesha, na katika kazi hii hitilafu ndiyo iliyokuwa na habari.

Kwenye miamba ya Capri Point, inayoingia ziwani karibu wima, mstari wa zamani na wa sasa ulikaribia kugusana. Kwenye mdomo wa Mto Mirongo, ambako ardhi ni tambarare, mistari hiyo ilitengana vibaya. Mchoraji mzembe hakosei kwa kuchagua ardhi tambarare peke yake. Lililohama ni ziwa.

Mvua kubwa zilianza mwishoni mwa 1961, msimu ule ule Tanganyika ilipopata uhuru, na kufikia 1964 Ziwa Victoria lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Takribani asilimia 80 ya maji yake hutokana na mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, ilhali mlango wa kutokea ni mmoja tu, Mto Nile pale Jinja, kwa hiyo likijaa halishuki upesi. Mahali ambapo ardhi huinuka mita 1 kwa kila mita 50, kupanda huko huyaingiza maji nchi kavu kwa zaidi ya mita 100.

Basi nimeuondoa ufuo wote katika nukta za marejeo, yaani zile zinazoifunga ramani ya zamani kwenye picha ya setilaiti, nikabakiza stesheni, njia panda za zamani na mawe makubwa. Ninaloliamini kuliko yote ni Jiwe la Bismarck, karibu na kivuko cha Kamanga: lilikuwapo pale pale Wajerumani walipofungua kituo chao mwaka 1892, na kinachobadilika ni kiasi chake kinachoonekana juu ya maji.

Nilipanga kuendelea na maghala ya pamba ya vyama vya ushirika kando ya reli, lakini hayo yatasubiri. Sasa nauchora ukanda uliomezwa kati ya fuo hizo mbili, ili niwaulize wazee wa Igogo na Igombe ni mashamba ya nani yaliyokuwa humo. Nitakwenda na karatasi kubwa na penseli, maana ramani ya kwenye simu huruka mzee anapoiwekea kidole. Picha ya setilaiti nayo nitaichagua kwa tarehe, kwa kuwa mwaka 2020 maji yalirudi karibu na kiwango cha 1964.