Mdomo wa Saba

Jioni ya tatu tangu Mji wa Kale wa Mombasa ufungwe, mke wangu aliniuliza, "Waenda wapi saa hizi, baba watoto?" Nikamjibu naenda kutupa taka. Taka nilikuwa nimezitupa asubuhi, na yeye mwenyewe ndiye aliyenifungia mfuko.

Ilikuwa Mei 2020. Kuanzia tarehe 6 mtaa wetu ulizingirwa kwa ajili ya korona, haingii mtu, hatoki mtu, na kafyu ilianza saa moja usiku. Tena ilikuwa Ramadhani. Wakati ule wa mwaka Maghribi kwetu huingia mwendo wa saa kumi na mbili na robo, kwa hivyo kati ya adhana na kafyu mtu alikuwa na robo tatu ya saa. Wenzangu walifuturu na watoto wao. Mimi nilimeza tende moja, nikapiga mafunda mawili ya maji, nikaingia vichochoroni kutafuta sigara.

Duka la karibu zilikwisha siku ya pili. Nikazipata mbili upande wa Kuze, mumo humo mtaani, kwa jamaa aliyenitazama usoni kwanza ndipo akataja bei. Shilingi mia. Noti ile niliitoa kwenye kopo la kabatini ambamo mke wangu huweka pesa za dharura. Nikarudi saa moja imeshapita, nimejibanza ukutani kama mwizi wa kuku, nasikia buti za doria upande wa barabara kubwa. Siku zile aliyekamatwa nje ya kafyu aliweza kupelekwa karantini, na mimi ningemwacha mke, watoto watatu na mamangu mzazi ndani ya mtaa uliofungwa, kwa sababu ya sigara mbili. Moja yenyewe nilifika nayo imevunjika.

Ningependa kusema niliacha usiku ule. Wapi! Kizuizi kilipoondolewa mwezi wa Juni nilivuta kama mtu alipaye deni.

Aliyebadilika ni mke wangu. Tangu mwaka ule nyumba yetu haikosi akiba ya wiki mbili: mchele, unga, pojo, kunde, mafuta, chumvi, sabuni, makaa, dawa za homa, na pampu ya akiba ya mtoto wetu wa pili mwenye pumu. Madumu ya maji tulikuwa nayo toka zamani. Maji ya Mombasa hutoka mbali, Mzima na Baricho, na mfereji wetu hukauka bila kuaga, kwa hivyo kuweka maji si jambo tulilofundishwa na korona. Mwanzoni mwa 2023 akataka tochi za kuchaji. Halafu akanipa daftari: andika kila mtu wa nyumba hii anahitaji nini kwa siku kumi na tano.

Mimi ni fundi umeme. Kuandika orodha ya vifaa kabla ya kazi ndiyo mkate wangu. Nikaandika vya watoto, vyake, vya mamangu na vidonge vyake vya presha. Nikafika kwangu.

Sigara kumi kwa siku, mara kumi na tano: 150. Kahawa tungu, vikombe sita kwa siku: 90. Muguka, yale majani ya kutafuna, kifuko kimoja kila jioni: 15. Hapo kalamu ikasimama. Sigara zaweza kuwekwa. Kahawa yaweza kuwekwa. Muguka hauwekeki. Ile nguvu yake ni kathinoni, na kathinoni huanza kupotea mara tu jani likichumwa. Baada ya siku mbili hivi umebaki na majani ya mbuzi. Ndiyo maana miraa ya Meru hufungwa kwa majani ya mgomba, na ndiyo maana magari yanayoleta muguka kutoka Embu hukimbia vile. Kutoka Nairobi tu mpaka hapa ni karibu kilomita 500. Daraja moja likikatika, mimi sina jioni.

Kwenye nyumba tulikuwa watu sita. Kwenye daftari tulikuwa saba, na huyo wa saba alikuwa ghali kuliko wote. Hali ugali, hangoji, haelewi neno kafyu.

Nikamkumbuka nyanya yangu. Yeye uraibu aliuweka kwenye sahani: tambuu, popoo, chokaa, tumbaku kidogo. Kwa wazee wetu hilo ndilo lililokuwa jina la ile sahani yenyewe, uraibu. Mgeni akija husogezewa. Nyanya alipokosa tambuu siku mbili kwa sababu ya mvua, nyumba nzima ilijua, hadi paka. Tulikuwa tukicheka.

Basi nikaamua nitaacha, lakini niache wakati kumetulia, duka liko wazi, watoto wako shule, hakuna kinachoniwahi. Mtu akiacha siku ya balaa haachi, amenyang'anywa. Huwa na balaa mbili kwa pamoja, na ya pili humalizia hasira nyumbani kwake.

Kahawa ndiyo niliyoanza nayo na sina mengi ya kusema juu yake. Miaka yote niliamini kwamba kichwa kinachonigonga siku mbili tatu za kwanza za Ramadhani ni njaa. Kumbe kilikuwa ni kahawa. Anayekunywa kila siku akikatisha ghafla, kichwa humshika ndani ya siku moja na chaweza kuendelea wiki nzima. Safari hii nilipunguza kikombe kimoja kila siku ya nne. Mwezi haukwisha nikabaki na kimoja cha asubuhi, na hicho siku nikikikosa sina habari. Muuza kahawa akipita na dele lake akigonganisha vikombe, mkono ulikuwa ukijiinua wenyewe. Nikawa namwamkia tu.

Muguka ulikuwa na shida ya namna nyingine. Mwili wenyewe haukunisumbua sana: usingizi wa mchana kama wa mtu aliyepigwa rungu, ndoto mbaya wiki ya kwanza, na uvivu wa moyo usio na sababu. Na njaa! Nilikuwa nimesahau kwamba mtu hula chakula cha usiku. Mke wangu alinitazama nikimaliza mbaazi na mahamri manne, akasema, "Karibu nyumbani." Shida ilikuwa ni baraza. Kuanzia Alasiri mpaka Isha nilikuwa na watu wangu maskani, miaka kumi na mbili, njugu katikati, soda, chupa za maji, siasa za dunia nzima tukizitatua. Sikuwahi kujua kwamba sina rafiki hata mmoja ninayekutana naye bila kutafuna. Nilijaribu kukaa nao mikono mitupu. Haiwezekani. Handasi, ule ulevi wa muguka, ikiwapanda, wao wanaruka na wewe umekaa chini kama mlinzi wa viatu msikitini. Nikalazimika kujipa kazi saa zile zile, nikachukua vibarua vya jioni Bamburi na Mtwapa, makusudi niwe ng'ambo ya daraja la Nyali jua linapozama. Wawili kati yao bado ni rafiki zangu. Wengine tunapungiana mkono.

(Mei 2024 gavana wetu alipopiga marufuku muguka kuingia Mombasa, kabla ya mahakama kuisimamisha amri ile, nilipita maskani makusudi. Sijivunii. Nilitaka kuona tu. Walikuwa wanazungumza juu ya njia za panya kama wapiganaji wa msituni, na mmoja akaniuliza kama nina gari.)

Sigara niliiweka mwisho, nikaipangia Ramadhani ya 2023, iliyoanza mwishoni mwa Machi. Hesabu yangu ilikuwa rahisi: tayari mwili unaweza saa kumi na tatu bila moshi, kila siku, mwezi mzima, miaka yote. Kinachobaki ni usiku. Adui wangu alikuwa Maghribi, yule yule wa 2020. Nikahamisha mahali pa kufuturu, nikawa nakaa ubavuni mwa mamangu, ambaye hawezi moshi na ana ulimi. Baada ya uji na viazi vya karai nilishika mswaki. Mti wa mswaki una uchungu unaoshika koo kidogo, na kwangu ulisaidia kuliko peremende.

Daktari wa zahanati aliniambia siku ya pili na ya tatu ndizo mbaya, kisha hushuka, ingawa wiki kadhaa huweza kupita kabla mtu hajatulia. Alisema kweli. Siku ya pili nilimfokea binti yangu kwa sababu ya kijiko. Siku ya tatu, kazini, nilifunga waya wa moto mahali pa nyutro, mimi, fundi wa miaka kumi na minane. Niliona kabla ya kuwasha, nikakusanya vifaa nikamwambia mwenye nyumba nitarudi kesho. Ndipo nilipoelewa ningekuwa mtu wa namna gani nyumbani siku ya mafuriko au moto, sina sigara na watu sita wananitazama.

Jambo jingine alilonifundisha daktari yule: hamu ikipanda, hudumu dakika chache tu, kisha hupoa ukivuta usivute. Nikawa natoka kwa miguu mpaka Ngomeni, pale Fort Jesus, nitazame bahari, nirudi. Nikirudi imepita. Usiku mwingine nilienda mara nne, na askari wa pale akaanza kunitilia shaka.

Rafiki mmoja alinipa kuber, ile tumbaku ya kuweka mdomoni, akisema haina moshi. Haina moshi, lakini nikotini ni ile ile, na yenyewe pia hununuliwa dukani. Sikuona nimepunguza mdomo gani.

Nilianguka mara moja. Baada ya Idi, kwenye matanga Likoni, nimekaa na binamu zangu chini ya turubali, sigara ikapita, nikaipokea kama mtu anayepokea mkono wa rambirambi. Nikavuta tatu. Kwenye feri kurudi nilihisi kizunguzungu na aibu, sijui kipi kilitangulia. Mke wangu alinusa shati, hakusema kitu, akalitia kwenye beseni. Nikaanza hesabu upya kutoka moja. Mara ya pili siku mbaya ilikuwa moja badala ya mbili.

Nieleze jambo moja hapa, kwa sababu nina ndugu ambaye safari yake si kama yangu. Mnywaji mzito wa pombe asikate ghafla peke yake nyumbani. Anaweza kupata degedege na kufa. Huyo aonane na daktari kwanza. Na wale waliotoka kwenye unga wa kulevya na sasa wanakunywa methadoni kliniki, hiyo ni dawa, wasiiache kwa kusoma habari zangu. Kwao maandalizi ni kuuliza kliniki mapema wafanyeje barabara zikifungwa. NACADA, shirika la serikali la kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya bure, 1192, na anayepokea hakuulizi wewe ni mtoto wa nani.

Tochi nilizinunua mwezi wa Juni, kwa pesa za sigara. Zilibaki nyingine, mke wangu akazirudisha kwenye lile kopo bila kunihesabia mbele yangu.

Usiku wa Ijumaa tarehe 25 Agosti 2023, karibu saa nne, umeme ulikatika karibu nchi nzima. Kwetu haukurudi mpaka kesho yake. Nilitoa tochi, nikakagua swichi kubwa, nikahakikisha pampu ya mtoto iko mahali pake, nikalala. Nililala! Mamangu ndiye aliyeniamsha kwa ajili ya Alfajiri. Asubuhi tulichemsha chai kwa makaa, jirani akaja kuomba maji na tochi, nikampa vyote viwili. Nilijiona bwana.

Kufika adhuhuri simu yangu ilikuwa asilimia tatu. Nilikuwa nimeitazama mara sijui ngapi, hakuna ujumbe, naitazama tena. Kidole gumba kilikuwa kikitembea chenyewe. Nikasikia kwamba upande wa Makadara kuna duka lina jenereta na wanachaji kwa pesa. Nikavaa makubadhi. Nikafungua kopo la kabatini.

"Waenda wapi saa hizi, baba watoto?"

Chaja ilikuwa mfukoni. Nikaitazama ndoo ya taka. Ilikuwa tupu.