Harufu ya siki kwenye ghala la mikrofilamu: jinsi tulivyoidhibiti

Ghala lilitunza mikrofilamu (filamu zenye picha ndogo sana za kurasa) za maktaba kadhaa za utafiti, na kabati moja likaanza kunuka siki. Hiyo ni asidi asetiki: filamu ya asetati, aina ya plastiki, huoza kwa joto na unyevu, na mvuke wake huharakisha kuoza kwa filamu za jirani. Roli moja mbovu huwa janga la wote.

Kwanza tulitenganisha filamu za asetati na zile za poliesta, plastiki nyingine isiyooza hivyo. Inua roli mbele ya taa, tazama ubavuni: poliesta hupitisha mwanga, asetati huonekana nyeusi.

Kisha vipande vya karatasi ya kupimia asidi, kimoja ndani ya kila boksi lililofungwa, saa 24 katika joto la kawaida la chumba. Rangi hutoka buluu, kijani, hadi manjano. Kipimo ni 0 (buluu, nzima) mpaka 3 (manjano, mbovu kabisa). Ikifika 1.5, uozo unajisukuma wenyewe, kwa hiyo usingoje. Za 2 na 3 tuligandisha mara moja zikisubiri kunakiliwa kwenye poliesta. Filamu ikishajikunja na kupasuka, kunakili ni shida kubwa.

Asetati iliyobaki inakaa nyuzi 2 za Selsiasi, unyevu asilimia 20 hadi 50. Poliesta haizidi nyuzi 21.

Kosa linalojirudia ni kufungua boksi likitoka baridini: umande hutua juu ya filamu. Liache ndani ya mfuko uliofungwa, saa 24. Na mipira ya kufungia tuliitupa yote. Salfa yake huharibu fedha iliyo kwenye picha.