Ninavyotega mitego ya haki kwenye mchezo wa mezani

Katika michezo ya kuigiza wahusika, kama Dungeons & Dragons, msimamizi wa mchezo ndiye macho na masikio ya wachezaji. Asichokitaja, hawawezi kukiona. Ndiyo maana nauchukulia kwa uzito mkubwa kila mtego ninaouweka kwenye mahandaki yangu, yaani sehemu za chini ya ardhi ambazo wahusika huzipekua. Watu wanaokaa mezani kwangu wamewalea wahusika wao kwa miezi, na kumuua mmoja wao kwa kitu ambacho hakikutanguliwa na dalili yoyote ni dhuluma. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwemo. Wangu nataka umwache apite yule aliyekuwa makini.

Mchezo huu wa Gary Gygax na Dave Arneson, uliochapishwa mwaka 1974, umekuwa na mitego tangu mwanzo. Handaki linalotajwa sana ni Tomb of Horrors, ambalo Gygax alilipeleka kwenye mashindano mwaka 1975. Humo kuna uso wa shetani wa kijani uliochongwa ukutani, kinywa wazi, cheusi tii. Anayejitosa kinywani ameangamia, hakuna cha kurusha dadu ili ajiokoe. Wengi huutaja kama kilele cha ukatili, na kwa kundi linaloendeleza hadithi moja wiki baada ya wiki naona kweli ni mkali mno. Lakini nilipoutafakari niligundua jambo: uso wenyewe haujajificha. Upo mbele yako, mkubwa, unatisha, na anayetangulia kutia fimbo ataona kilichoipata fimbo. Hilo nililichukua.

Sasa kabla sijachora chochote najiuliza ni nani aliyetega, na yeye mwenyewe anapitaje. Kwa kaburi la mfalme nililolitunga karibuni, jibu lilikuwa makuhani wanaoingia kila mwaka kuwasha taa. Kama wanapita, basi njia yao lazima ionekane. Vigae vya kando ya ukuta vikawa vimelika kwa nyayo, vya katikati vikabaki kama vipya chini ya vumbi. Ukutani, usawa wa kifua, kuna vitundu vyembamba. Mambo hayo yote niliyasema wachezaji walipofika mlangoni, kabla ya kuulizwa. Ninapojikuta nasita kutaja kitu kwa kuogopa kwamba kitaufichua mtego, ndicho ninachokitaja kwanza. Kwangu raha ya mtego inaanza pale wachezaji wanapojua kuwa upo.

Kwenye dadu nina msimamo. Wasimamizi wengi humwambia mchezaji arushe dadu ya pande 20 ili ajue kama ameona hatari, akipata namba ndogo anatumbukia. Hapo bahati imeamua, akili yake haikuombwa chochote. Mimi natumia kiwango cha uangalifu ambacho kanuni za toleo la mwaka 2014 zinampa kila mhusika bila kurusha: 10, ukijumlisha uwezo wake wa kutambua mambo. Dalili kubwa nampa kila mtu, ile ndogo zaidi nampa mwenye kiwango cha juu. Na mchezaji akisema, "Nainama, napuliza vumbi kwenye kigae," namwambia anachokiona. Dadu inakuja baadaye, mtu anapojaribu kuzuia mtambo wa mtego usifyatuke.

Ukali nao unahitaji hesabu. Kanuni hizo zinapendekeza kwamba kwa wahusika wa ngazi ya 1 hadi 4 mtego mwepesi uumize kwa dadu 1 ya pande 10, wa hatari dadu 2, wa mauti dadu 4. Jumla ya namba za dadu hupunguzwa kwenye pointi za uhai za mhusika, na dadu 4 za pande 10 zina wastani wa pointi 22. Mchawi wa ngazi ya kwanza mara nyingi ana pointi 7 au 8, na kanuni inasema madhara yanayobaki baada ya kufika sifuri yakilingana na uhai wake wote au kuuzidi, anakufa papo hapo. Kwa hiyo kwa wanaoanza sivuki dadu 1, labda niongeze sumu au kelele ya kuwaamsha walinzi.

Hata mguu ukishakanyaga, sikimbilii kuhesabu madhara. Nasema, "Kigae kinadidimia kidogo. Umesikia mlio ukutani. Unafanya nini?" Mchezaji mmoja alijibu kwamba anajitupa sakafuni, nikampa nafuu kwenye jaribio lake la kujiokoa, yaani arushe dadu mara mbili na kuchukua namba kubwa, na mishale ikampita juu. Wenzake walipita kando kama makuhani. Baadaye walirudi wakarusha mfuko wa mchanga katikati makusudi, wakaokota mishale yenye sumu, wakamchoma nayo mlinzi wa chumba cha ndani. Sikuwa nimelipanga hilo, na nililiruhusu kwa furaha tele.

Chumba ninachokiandaa sasa kinajaa maji polepole mlango ukifungwa. Alama za maji ziko juu ukutani, bawaba zina kutu, na pembeni kuna samaki mkavu. Huyo samaki nitamtaja wakiwa bado nje.