Sinia la jibini kwenye joto la Dar: nilivyolipanga

Mume wangu alialika wenzake wa kazini Jumamosi jioni. Wawili kati yao walisoma Uholanzi, basi akaja na wazo: "Tuwatangulizie jibini, pilau ije baadaye." Nikamwambia sawa, ila kila nitakachoweka kiwe kinalika na mama pia. Mama mkwe alikuwa kwetu, ametoka Tanga, na jibini anayoijua yeye ni ile ya vipande vya pembetatu vilivyofungwa kwenye karatasi ya kung'aa.

Niliamua aina tatu tu. Nimewahi kukaribishwa mahali pana aina saba au nane, na watu wakaishia kuchokoa kila moja kidogo bila kukumbuka ipi ilikuwa ipi. Ya kwanza ilikuwa ya Njombe, inayotengenezwa kwa mtindo wa Kiitaliano: laini kiasi, chumvi ya wastani, haina harufu ya kumtisha mtu. Ya pili Gouda iliyokomaa, kwa ajili ya wale wa Uholanzi. Ukiitafuna unakutana na chembe ndogo zinazokwaruza meno kama chumvi, lakini si chumvi, ni sehemu ya protini iliyoganda kadiri jibini inavyokaa. Ya tatu Brie ya Ufaransa, ambayo bei yake inakukumbusha nyama ya kilo. Ile yenye mishipa ya buluu niliiacha dukani. Naipenda, lakini ukiiweka sinia moja na nyingine, baada ya muda zote zinanukia yenyewe.

Kwa kuwa pilau lilikuwa linafuata, nilipiga hesabu ya gramu 60 kwa mtu. Tulikuwa wanane, kwa hiyo nusu kilo ilitosha. Kama jibini ndiyo ingekuwa chakula chenyewe, ningeongeza mara mbili.

Kilichonichukulia muda mrefu ni kusoma pakiti. Mama mkwe na baadhi ya wageni ni Waislamu, na maziwa hayagandi kuwa jibini hivihivi. Kwa aina nyingi hutiwa kimeng'enya, na kwa asili kimeng'enya hicho hutolewa kwenye tumbo la ndama. Siku hizi viwanda vingi vinatumia kinachozalishwa na vijidudu, lakini si vyote: Parmigiano Reggiano halisi, ile jibini ngumu ya Italia, kwa mfano, kwa kanuni zake lazima itumie kimeng'enya cha ndama. Wanazuoni wana maneno yao kuhusu jambo hili na mimi si mtu wa kutoa fatwa. Nilichotaka ni mgeni asilazimike kuniuliza mbele za watu. Kwa hiyo nilisimama mbele ya friji la supamaketi nikigeuza pakiti moja baada ya nyingine, nikichukua zilizoandikwa wazi kwamba kimeng'enya ni cha vijidudu au kwamba zinafaa kwa wasiokula nyama. Kwa jibini isiyo na maandishi ya kutosha, muulize muuzaji. Akianza kubabaisha, irudishe kwenye rafu.

Sasa joto. Wataalamu husema itoe jibini kwenye friji saa nzima kabla ya kuila, kwa sababu ikiwa baridi mafuta yake yameganda na ladha haitoki. Ushauri mzuri kwa nyumba za Ulaya. Dar, mwezi wa pili, feni inazunguka na bado shati limeshika mgongoni, saa nzima ni nyingi mno: Gouda inaanza kutoa mafuta juu na Brie inatambaa kuelekea ukingo wa sinia. Gouda niliitoa nusu saa kabla, ya Njombe baadaye kidogo, Brie dakika kumi na tano tu. Halafu niliweka nusu ya kila moja mezani, nusu nyingine ikabaki kwenye friji, iwe ya kujazia. Sinia linabaki linapendeza mpaka mwisho, na kama umeme ungekatika, ningepata hasara ya nusu tu.

Gouda niliimenya nta kwanza, maana hiyo hailiwi. Brie niliikata kwa uzi mwembamba badala ya kisu, kwa sababu kisu kinaburuta ule ute wa ndani. Niliipasua kuanzia katikati kwenda nje, kama keki, ili kila mtu apate ndani na gamba. Gamba lake jeupe linaliwa. Mama mkwe alikiinua kipande chake akakisogeza karibu na taa: "Mwanangu, hii mbona imeota ukungu?" Nikamwambia, "Ndio wenyewe mama, wameupanda makusudi." Akakirudisha taratibu, akahamia ya Njombe, na huko hakubanduka.

Vya kusindikizia sikuvitafuta mbali. Boflo niliukata vipande vyembamba nikaubanika kidogo. Zile biskuti za chumvi za kwenye boksi huwa sizioni faida, zinavunjika na hazina ladha. Korosho za kukaanga, tende, na kibakuli cha asali ya nyuki wadogo, ambayo ina uchachu wake na ikiwa juu ya Gouda iliyokomaa watu wananyamaza. Achari ya embe niliiweka kwa wasiwasi kidogo, ikaisha kabla ya vyote. Nanasi nililitenga sahani yake: maji yake yana kimeng'enya kinachovunja protini ya maziwa, na jibini iliyolowana nayo inakuwa chungu. Vinywaji vilikuwa chai ya tangawizi na juisi ya ukwaju. Chai ndiyo iliyonifurahisha, kwa sababu umoto wake unasafisha mafuta mdomoni kabla ya kipande kingine.

Niliwaambia waanze na ya Njombe, kisha Brie, Gouda ya mwisho, na kila moja niliiwekea kisu chake. Wale wa Uholanzi walianza na Gouda.

Iliyobaki niliifunga kwenye karatasi ya kuokea, nikaitia kwenye bakuli lenye mfuniko. Plastiki ya kubana inaifanya itoe majimaji na kuvunda. Jumapili asubuhi mama mkwe alizikwangua zile kingo ngumu za Gouda akaziweka kwenye mayai.