Umma wa Fungu la Mchanga

Assalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Ndugu zangu, Jumamosi iliyopita nilikwenda Msimbati na wapwa zangu wawili waliofunga shule. Ukitaja kutazama wanyama, watu huwaza tembo na simba. Sisi wa Mtwara tunayo Ghuba ya Mnazi, iliyofanywa hifadhi ya bahari pamoja na maingilio ya Mto Ruvuma mwaka 2000, na wengi wetu hatujawahi kuketi pale hata saa moja tukatazama.

Ilikuwa siku ya tatu ya mwezi mwandamo, maji ya bamvua. Saa nne na nusu asubuhi bahari imekupwa hadi mbali, kinamama wako mwambani na vijiti vya pweza, ndege wametapakaa kila mmoja na riziki yake: yangeyange, sululu na mdomo wake uliopinda, vitwitwi wadogo wasiotulia. Na wale niliowafuata hasa, weupe wenye mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene kama koleo. Hao chakula chao ni kaa. Huzaliana pwani za Arabuni, Oman na jirani zake: huchimba shimo mchangani, wakataga humo yai moja tu jeupe, na joto la mchanga husaidia kulitunza. Kisha huja kwetu.

Mmoja alimkamata kaa, akamtikisa mpaka miguu ikakatika. Pembeni yake kinda lake, kimo sawasawa na yeye ila rangi ya kijivu, limeinama linalia. Akalilisha. Wamevuka bahari yote ile, na bado mzazi anatoa tonge mdomoni mwake. Nikaikumbuka hadithi aliyoipokea Abu Dawud: masahaba walichukua makinda mawili ya ndege safarini, mama yao akaja akipapatika, na Mtume (S.A.W.) akauliza ni nani aliyemtia uchungu kwa ajili ya watoto wake, akaamuru warudishwe. Nimeisoma mara nyingi. Siku ile ndiyo niliielewa.

Ilipokaribia Alasiri maji yalikuwa yamejaa. Fungu la mchanga mbele yetu likabaki kama mkeka, na ndege wote wakalihamia, wakasimama safu kwa safu, wameelekea upepo wa kaskazi. Na huku Mtwara, kibla ni kaskazini. Najua ndege huelekea upepo ili manyoya yasifumuliwe; sisemi zaidi ya ninalolijua. Lakini Mola wetu ametuambia katika Suratul An'am kwamba hakuna ndege arukaye kwa mbawa zake mbili ila ni umma kama sisi, na katika Suratun Nur kwamba kila kiumbe ameijua sala yake. Nilizitazama zile safu, nikaona haya kwa safu zetu za Ijumaa tunavyozipanga.

Mpwa wangu mdogo akaokota jiwe, akakimbia nalo majini. Fungu zima likainuka kwa kelele.

Mzee mmoja mvuvi aliyekuwa anatengeneza wavu akamwita. "Mjukuu wangu, mchana wa Ramadhani umejipumzisha, mtu aje akukimbize, Magharibi utaifikia na nguvu gani? Hawa sasa wamefunga. Futari yao iko chini ya maji, mpaka yakupwe."

"Samahani, babu," mtoto akasema, na jiwe bado liko mkononi.

Ndege walizunguka mara mbili, tatu, kisha wakarudi wachache wachache, safu zikajaa. Nikatandika mswala karibu na maji kama nilivyozoea. Mtoto akanivuta kanzu.

"Mjomba, tuswalie kule nyuma. Na takbira uilete polepole."

Tukarudi nyuma mpaka chini ya mvinje, tukasimama watatu, na wao mbele yetu.