Nilivyojua mimi ni mkaazi wa nchi gani kwa mambo ya kodi

Ninafanya kazi ya uuguzi Leeds, lakini nyumba yangu ya Mombasa sijaiacha. Vyumba vya uani vina wapangaji, mbele anakaa mama, na chumba changu kiko pale pale. Nikienda Desemba ndimo ninamofikia. Nilitaka kujua kwa hakika: kwa kodi, mimi ni wa Kenya au wa Uingereza?

Kila niliyemuuliza alinitajia siku 183. Ukikaa nje zaidi ya nusu mwaka, Kenya haikudai kitu, waliniambia. Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya, Sura ya 470, haianzii hapo. Kwanza inauliza kama una makazi ya kudumu Kenya. Unayo? Basi ukikanyaga nchini wakati wowote katika mwaka huo, hata kwa muda mfupi, wewe ni mkaazi. Siku 183 zinamhusu asiye na makazi hayo, na hata yeye huwa mkaazi akiwa nchini mwaka huo na miwili iliyotangulia kwa wastani wa zaidi ya siku 122 kila mwaka. Kwa mwenye chumba chake nyumbani, likizo moja ya Desemba inatosha.

Upande wa Uingereza ulikuwa mwepesi. Mwaka wao wa kodi huanza 6 Aprili, na aliyefikisha siku 183 ni mkaazi bila mjadala.

Kumbe nilikuwa mkaazi wa kote kuwili, na Kenya humtoza mkaazi kodi ya mshahara hata kazi ikifanywa ng'ambo. Wengi hapa hujituliza: "Si nimeshakatwa huku?" Ni kweli, Kenya humpunguzia raia wake kwa kodi aliyolipa nje kwa mshahara huohuo. Lakini piga hesabu. Uingereza kwa kawaida haigusi pauni 12,570 za kwanza za mwaka, kisha inaanza na asilimia 20. Kenya, kinachozidi shilingi 32,333 kwa mwezi tayari kinakatwa asilimia 30. Ukishatoa kilicholipwa Leeds, deni linalobaki si dogo hata kidogo.

Kilichonitoa hapo ni mkataba wa Kenya na Uingereza wa 1973 wa kuzuia kutozwa kodi mara mbili. Mtu akiwa mkaazi wa kote, mkataba huangalia makazi yake ya kudumu yako wapi. Yakiwa kote, huangalia maisha yake yameegemea wapi zaidi, kifamilia na kiuchumi. Mume wangu yuko Leeds, watoto wanasoma Leeds, mshahara naupatia Leeds. Kwa mkataba mimi ni wa Uingereza, na mshahara wa kazi niliyoifanyia huko hutozwa huko tu.

Ila lazima uthibitishe. Niliomba cheti cha ukaazi kutoka HMRC, mamlaka ya kodi ya Uingereza. Kilichonichosha zaidi ni kuoanisha miaka: Kenya huhesabu Januari hadi Desemba, ilhali P60, hati ya mwajiri ya mapato ya mwaka, hufunga 5 Aprili. Basi nikazitandaza hati za mshahara mezani, Januari juu, Desemba chini, nikajumlisha upya mapato na kodi. Tarehe za safari nilizitoa kwenye mihuri ya pasipoti na tiketi za ndege. Vyote vikaenda kwa mhasibu Mombasa anayeielewa mikataba hii (si wote wanaoielewa, uliza kabla hujalipa), naye akajaza ritani, yaani taarifa ya mapato na kodi ya mwaka, kwenye iTax, mtandao wa mamlaka ya kodi ya Kenya, kabla ya 30 Juni.

Kodi ya serikali kwa pango wanalolipa wapangaji ni jambo jingine. Nyumba iko Kenya, kwa hiyo Kenya ndiyo hutoza kwanza. Uingereza nayataja mapato hayo na kudai nafuu kwa kilicholipwa. Mkataba uniweke Uingereza, kwa sheria ya Kenya bado ni mkaazi, na hapo ndipo usijiandikishe ovyo kuwa si mkaazi: mkaazi mwenye pango la kati ya shilingi 288,000 na milioni 15 kwa mwaka hulipa asilimia 7.5 ya pango lote, asiye mkaazi asilimia 30. Ritani ya pango ni ya kila mwezi, mwisho tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Dada yangu huijaza akiwa Mombasa, nami humtumia pesa mapema.