Saa Chache Juu ya Mchanga wa Maziwe

Jumamosi tuliondoka Tanga mjini kabla ya adhana ya alfajiri, mimi, mume wangu na wifi yangu, katika ile Hiace tuliyoing'oa viti vya nyuma mwaka jana, tukaweka godoro, jiko dogo la gesi na madumu mawili ya maji. Haraka yote hiyo ilitokana na mwezi. Ulikuwa umeandama juzi yake, na siku za bamvua, yaani za maji makubwa ya mwezi, katika pwani yetu maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi na kujaa kabisa mnamo saa kumi jioni, kwa hiyo anayechelewa kufika Pangani hukuta kisiwa cha Maziwe kimekwisha kufunikwa.

Barabara, kilomita zipatazo 50 kupitia Tongoni na Kigombe, tuliimaliza bila maneno mengi. Tuliswali Pangani, tukachemsha chai ya tangawizi mlangoni mwa gari, kisha tukaliacha chini ya minazi na kupanda mashua.

Kwa mbali Maziwe ilikuwa mstari mweupe tu juu ya maji. Tulipokanyaga, nahodha alichomeka upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mashua, kando ya maji, akaonyesha fundo lililofungwa kwa kamba ya katani, akasema, "Mama, maji yakifika hapa, tunapanda, hata kama chakula hakijaiva." Nilimjibu, "Haya, nahodha," na tangu hapo jicho langu halikuliacha fundo lile.

Marehemu baba yangu, aliyekuwa mvuvi wa Kigombe, alitusimulia mara nyingi jinsi walivyokuwa wakipumzika Maziwe chini ya kivuli cha mivinje. Nikiwa mtoto sikuona ajabu yoyote, maana kisiwa kuwa na miti ni jambo la kawaida. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ile ilikuwa imekwisha yote, na mchanga uliokosa mizizi ya kuushika ukamomonyoka hadi kubaki fungu hili linalozama na kuibuka. Nilitembea kisiwa kizima nikitafuta japo kisiki, sikukipata. Nilichimba kwa mkono penye mwinuko, nikitoa mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe na makombe ya baharini, na kabla shimo halijafika kiwiko maji yalianza kuchuruzika ndani na kuta zikaporomoka taratibu.

Shimo lile lilinifahamisha habari ya kasa kuliko maelezo yote niliyowahi kusikia. Zamani kisiwa hiki kilikuwa mojawapo ya mahali muhimu kabisa pa kasa kutaga nchini, na bado wanakuja, kwa kuwa kasa jike hurejea kutaga katika pwani alikoanguliwa. Lakini yai la kasa hupumua kupitia ganda lake, na kiota kikizama mtoto hufa humo humo. Ndiyo maana mayai huhamishwa hadi ufuo wa Ushongo, bara, na kufukiwa upya, yakibebwa kwa uangalifu yasigeuzwe juu chini. Ninawashukuru kwa dhati wanaoifanya kazi hiyo, ingawa moyo uliniuma kumfikiria mnyama aliyeogelea safari ndefu kiasi hicho kuja kutaga mahali ambapo bahari imekwisha kupachukua.

Maji yalifika kwenye fundo saa sita na nusu. Yalikuja kutoka pande zote, bila wimbi, na tulipokuwa tukipanda mashua nyayo zetu za asubuhi zilikuwa zimekwisha kufutika.

Hatukuokota kombe hata moja, kwa kuwa Maziwe ni eneo tengefu, yaani hifadhi ya bahari. Lakini usiku, tulipokuwa tukikung'uta godoro nyumbani, mchanga mweupe ulidondoka sakafuni, kama kijiko kimoja hivi. Niliuzoa kwa kiganja, nikautia kikombeni na kukifunika kwa kisahani, nipate kuurudisha bamvua nyingine tutakapokwenda.